Bodi nyingi za raia hazimfukuzi askari
Umeuliza kama bodi ya raia inayopokea malalamiko dhidi ya polisi inaweza kumfukuza askari kazi. Nyingi haziwezi: zinachunguza na kupendekeza, mwenye kuamua ni mkuu wa polisi. Angalia kwanza sheria iliyoiunda bodi yako. Je, inaweza kumlazimisha shahidi afike na kudai nyaraka? Kama haiwezi, itategemea jalada la polisi walewale, na hapo ndipo malalamiko hukwama.

Ukitaka kulalamika, andika namba ya askari, ya gari, saa na mahali. Picha za kamera omba kwa barua zihifadhiwe upesi, maana mitambo mingi hufuta za zamani yenyewe. Jeraha lipimwe siku hiyohiyo. Una kesi ya jinai? Muone wakili kabla hujatoa maelezo kwa bodi. Yanaweza kukugeukia mahakamani.