Maswali ya Wasomaji: Ghala la Katani Likigeuzwa Nyumba

SWALI: Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na nyuma ya nyumba yetu lipo ghala la katani ambalo limefungwa tangu wanangu wangali wadogo. Sasa limepata mnunuzi anayetaka kuligeuza nyumba za kupanga na maduka. Vijana wanafurahi, lakini wazee wa mtaa wanakumbuka kwamba pale palikuwa na mashine za kusokota kamba, tangi la dizeli na transfoma, na visima vyetu viko jirani. Isitoshe, mafundi wameanza kuteremsha yale mabati ya kijivu yanayofanana na saruji na kuyauza kwa bei ya chee kwa yeyote anayetaka kuezekea banda la kuku. Je, haya ni sawa? Na sisi majirani tuna kauli gani? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Mama yetu, shikamoo. Naanza na paa kwa kuwa ndilo jambo lisilosubiri. Mabati ya kijivu yenye sura ya saruji yaliyoezekwa viwandani katikati ya karne iliyopita mara nyingi ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi. Kwa macho hakuna awezaye kuthibitisha; kipande kidogo hupimwa maabara, na mpaka majibu yatoke ni busara kuyahesabu kuwa ni asbestosi. Bati zima lililotulia juu ya paa si hatari kubwa. Hatari huanza pale linapokatwa kwa msumeno, linapopigwa nyundo au linapoangushwa chini likapasuka, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zisizoonekana hupeperuka na kuingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linazihesabu aina zote za asbestosi kuwa visababishi vya saratani, ikiwamo ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na ugonjwa wenyewe huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana fundi aliyefanya kazi hiyo leo bila kinga halalamiki kesho, na ndiyo maana biashara hiyo ya mabati inaonekana haina madhara.

Utaratibu unaokubalika ni kulowesha mabati kwa maji kabla ya kuyagusa, kufungua misumari na boliti badala ya kuvunja, kuyateremsha mikononi moja baada ya jingine, kuyafunga kwa nailoni nzito mara mbili, kuyaandika alama ya hatari na kuyafukia mahali palipoidhinishwa. Watendaji wavae barakoa maalumu zenye chujio la chembe ndogo. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu. Banda la kuku ni matumizi mabaya kuliko yote, maana bati litatobolewa, litapigwa mvua, litavunjwa na watoto wanaocheza, na kila likimomonyoka litaacha vumbi uani. Aliyekwisha kununua asiyakate wala asiyasugue, bali ayaloweshe, ayafunike na kumwarifu afisa afya wa kata. Mwenyekiti wa mtaa naye apeleke taarifa leo hii kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ili kazi isimame mpaka apatikane mtu anayejua anachokifanya.

Sasa tuje kwenye ardhi. Wazee wenu wana haki ya kuuliza, na maswali yao ndiyo ambayo mtaalamu yeyote wa kupima eneo la kiwanda huanza nayo: hapa palifanywa nini, na kila kitu kilikaa kona gani? Katani yenyewe si sumu; ni jani lililoparwa na kuanikwa. Yanayosumbua ni yale yaliyoisindikiza. Kiwanda cha kusokota kamba hutumia mafuta ya kulainisha singa, yaani nyuzi za katani, kabla ya kuzisokota, na mafuta hayo hudondoka sakafuni mwaka baada ya mwaka. Tangi la dizeli lililozikwa huvuja pasipo mtu kujua. Transfoma za zamani nazo huenda zikawa na mafuta yenye kemikali ziitwazo PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu zenye sumu, ulioridhiwa pia na Tanzania, umetaka ziondolewe katika matumizi ifikapo mwaka 2025 na zishughulikiwe kwa usalama ifikapo mwaka 2028. Kama jirani yenu angekuwa kiwanda cha mbao ningeuliza juu ya dawa za kuhifadhia mbao, ambazo baadhi zina aseniki. Angekuwa karakana ya magari ningeuliza juu ya risasi ya betri.

Ukitaka kuona kwa macho yako kabla ya mtaalamu kufika, mwombe mlinzi akuonyeshe sakafu mahali mashine zilipofungwa. Utaona mashimo manne ya boliti katika zege, na pembeni yake doa jeusi ambalo halifutiki hata kwa sabuni. Doa likiishia kwenye ufa wa sakafu, hapo ndipo sampuli ya udongo ichimbwe kwanza.

Suala la visima ni zito zaidi kwa Tanga kuliko kwa miji mingi. Ukanda wetu una chokaa na matumbawe kwa wingi, na mapango ya Amboni ni ushahidi wa namna maji yanavyojipenyeza ndani ya chokaa na kujifungulia njia. Mahali penye mwamba wa namna hiyo uchafu uliozama hausogei taratibu kama katika mfinyanzi, bali hufuata nyufa, na kisima kilicho mbali huweza kuathirika kabla ya kilicho karibu. Kwa hiyo visima vya majirani vipimwe kabla ujenzi haujaanza, majibu yaandikwe na kila mwenye nyumba apewe nakala. Pasipo vipimo vya awali hakuna atakayeweza baadaye kusema uchafu ulikuwepo au umeletwa na wajenzi, na kesi ya namna hiyo mwananchi hushindwa. Wakati huo, maji ya kunywa na ya kupikia yachotwe kwenye bomba.

Msidhani kwamba ardhi ikigundulika ina mafuta basi mradi umekufa. Kule Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma cha Meiderich kilifungwa mwaka 1985 na eneo lake likafunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 1994. Hawakuubeba udongo wote mchafu kuupeleka kwingine; ule mbaya zaidi waliufukia ndani ya maghala ya zege ya kiwanda hichohicho wakayaziba, na juu yake wakaotesha bustani. Penye doa dogo la dizeli, udongo huweza kuchimbwa na kubadilishwa. Penye doa kubwa huenda ikafaa kuweka zege na maegesho ya magari badala ya chumba cha kulala. Matumizi ya kila kona yafuate hali ya udongo wa kona hiyo, na mchoro wa msanifu uje baada ya vipimo, si kabla. Kwa maoni yangu hapa ndipo miradi mingi inapokosea: picha ya rangi inabandikwa ukutani, vyumba vinaanza kulipiwa kianzio, ndipo mtu anakumbuka kuchimba shimo la majaribio.

Juu ya kauli yenu, kiwanja kilichotolewa kwa matumizi ya viwanda au ghala hakigeuki makazi kwa sababu mwenyewe amependa. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi huombwa kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji la Tanga, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mradi ukihitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinataka wananchi watakaoguswa washirikishwe na maoni yao yaingie katika ripoti. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba aliyechafua ndiye alipaye. Tatizo la viwanda vyetu ni kwamba mchafuzi mara nyingi hayupo tena: shamba la mkonge lilitaifishwa mwaka 1967, likawa la shirika la umma, likabinafsishwa miaka ya 1990, na karatasi zikapita mikono mingi. Marekani walilikuta tatizo hilo kwa namna yao. Sheria yao ya mwaka 1980 iliweza kumbebesha mnunuzi mpya gharama za uchafu wa zamani, watu wakaogopa kununua viwanda vilivyofungwa na mitaa ikabaki na magofu, hata ikabidi mwaka 2002 watunge sheria ya kumkinga mnunuzi aliyechunguza ardhi kabla ya kununua. Mwekezaji wenu naye, akiwa na akili ya biashara, atapima kabla ya kutia sahihi, kwa faida yake mwenyewe.

Andikeni barua moja ya mtaa, yenye majina na sahihi, mkiomba mambo matatu tu: ripoti ya udongo, vipimo vya visima na utaratibu wa kuondoa paa. Barua inayoomba mambo mahsusi hujibiwa. Barua ya malalamiko ya jumla huwekwa kabatini.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba alituachia karakana ya kusokota kamba pale Chumbageni, yenye kuta nene na nguzo za zege. Kaka zangu wanataka ivunjwe tujenge ghorofa. Mimi naona ni hasara kuivunja, lakini sina hoja ila mapenzi. Nisaidie. – Binti wa Chumbageni

JIBU: Dada, mapenzi nayo ni hoja, ila kaka zako hawatayapeleka benki. Anza na hati. Hati miliki ya ardhi ya mjini hutolewa kwa muda, usiozidi miaka 99, na hutaja matumizi yake. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi ili mjue miaka mingapi imebaki, kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa, kama lipo rehani la zamani lisilofutwa, na kama jina lililoandikwa bado ni la marehemu, maana hapo mirathi itangulie. Nimeona familia zikigombana juu ya ghorofa ambalo ardhi yake haikuwa na mwenyewe kisheria.

Kisha mwiteni mhandisi aliyesajiliwa, si fundi wa mtaani, aziangalie nguzo. Ninyi wenyewe mnaweza kutangulia: piteni na nyundo ndogo mkigonga taratibu toka chini kwenda juu. Zege zima hutoa sauti kavu. Lililoachana na nondo husikika tupu ndani. Mistari ya kahawia inayofuata nondo ni kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo maana hulipasua zege toka ndani. Kwa upepo wa bahari wa Tanga haya ni ya kutarajiwa na hutengenezeka, mradi nondo hazijaliwa sana. Kuta zikiwa za mawe ya matumbawe na chokaa, msikubali zipigwe plasta ya saruji kwa kisingizio cha uimara. Saruji huziba unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na misimu michache baadaye plasta huvimba na kubanduka ikiwa na vipande vya jiwe. Chokaa irudishiwe chokaa.

Mkilihifadhi jengo mnaokoa msingi, nguzo na kuta, ambavyo ni sehemu kubwa ya gharama ya kujenga upya. Lakini sitakudanganya kwamba ukarabati daima ni rahisi. Shida kubwa ya karakana ni upana wake. Vyumba vya kando vitapata madirisha, vya katikati vitakuwa pango. Wenzetu wa Cape Town, walipoligeuza ghala la nafaka la miaka ya 1920 kuwa jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2017, walilazimika kuyakata mapipa ya zege katikati ili kupata ukumbi wenye mwanga. Ninyi mna dawa ya nyumbani: fungueni paa katikati mpate ua, kama nyumba za pwani zilivyojengwa siku zote, na vyumba viuzunguke. Acheni matundu ya hewa juu ya kuta za pande mbili zinazokabili kusi na kaskazi. Mkibadilisha paa kwa bati la kawaida wekeni na dari, la sivyo wapangaji watahama kabla ya Februari kuisha.

Kuhusu ulinzi wa kisheria, usitegemee sana umri wa jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mkonge wenyewe uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Jengo la karne ya 20 hulindwa likitangazwa rasmi, na karakana ya familia haina uwezekano mkubwa wa kutangazwa. Kwa hiyo hoja yako kwa kaka zako iwe hesabu: waombe makadirio mawili toka kwa mkadiriaji majenzi mmoja, la kuvunja na kujenga upya na la kukarabati, na yote mawili yahesabu gharama ya kubeba kifusi na ya miezi isiyo na kodi. Hoja ya ghorofa ina nguvu pale tu kiwanja ni kidogo na mtaa umeruhusiwa kupanda juu. Ikiwa ni hivyo, ningekuwa upande wa kaka zako.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana maseremala kinataka kukodi pembe moja ya ghala tupu wakati mwenyewe akitafuta mwekezaji. Je, tukubali mkataba wa mdomo? – Vijana wa Makorora

JIBU: Hapana. Hata wa miezi sita uandikwe, utaje mipaka ya pembe mliyopewa, nani analipa umeme na notisi ya siku ngapi mwekezaji akipatikana. Msijenge kitu kisichobebeka. Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni kabla ya kuwasha randa, kwa kuwa nyaya za maghala hayo ni za siku nyingi na vumbi la mbao hushika moto upesi. Na milango yote miwili ifunguke toka ndani wakati wa kazi, hata kama mwenye ghala anataka mmoja ubaki na kufuli lake.