Kazi tatu kwa miaka miwili, nitaeleza aje kwa intaviu?

SWALI: Habari madam. Niko Kisumu. Nilikuwa karani wa data kwa mradi wa afya miezi 14, ukasimamishwa mapema 2025. Nikashika stoo ya hadwea Kakamega miezi mitatu nikatoka juu mshahara ulikuwa hauji kwa wakati, alafu sako moja ikanichukua miezi mitano nishikilie nafasi ya mama alikuwa likizo ya uzazi. Sahii kila intaviu wananiuliza mbona sikai kazini. Nifiche hiyo ya hadwea?

JIBU: Pole dadangu. Nimekaa upande ule mwingine wa meza hapa Nakuru nikisoma sivii za watu, na chenye kinakuumiza si hizo kazi fupi, ni venye zimeandikwa bila sababu. Mtu akikuta miezi 14, mitatu, mitano, tarehe tupu, atajijazia sababu mwenyewe na mara nyingi atajaza ile mbaya.

Ile ya mradi hukuacha na hukufutwa. Sheria ya Ajira ya 2007 ikieleza kupunguzwa kazini inasema ni kupoteza kazi bila kosa la mfanyikazi, kwa hivyo usiingie pale umeinamisha kichwa. Huko Kisumu watu wanajua sana venye miradi ya afya iliyumba Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025. Andika kando ya tarehe: "Kandarasi ilikatizwa ufadhili uliposimamishwa." Basi. Ile ya sako andika: "Kandarasi ya miezi mitano, kushikilia nafasi ya likizo ya uzazi." Ona venye hiyo miezi mitano imebadilika, sasa wewe ni mtu alipewa kazi na akaimaliza.

Hadwea ndio ngumu. Usiifiche, hasa kama fomu inauliza kazi zote ulizowahi fanya, na kama walikuwa wanakukata NSSF hiyo miezi itaonekana kwa rekodi yako. Na kusema ukweli mimi ningeipenda hiyo kazi kwa sivii, mtu amehesabu simiti, mabati na misumari ya kilo kilo na kadi za stoo zikalingana, huyo anajua hesabu ya kushika na mkono si ya kompyuta peke yake. Wakiuliza kwa nini ulitoka, sema: "Malipo yalichelewa nikashindwa kuendelea, lakini nilikabidhi stoo hesabu ikiwa sawa." Alafu nyamaza. Ukianza kueleza tabia za mdosi wako wa zamani dakika tano, paneli inasahau simiti yote inabaki na hasira yako.

Kitu kingine ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha hiyo sheria kinasema mtu akifanya kazi wiki nne mfululizo na zaidi lazima apewe akitoka, hata huyo wa hadwea wewe unamdai hiyo karatasi. Inaonyesha siku ulianza, siku ulitoka na kazi ulifanya, kukusifu si lazima. Wakikataa enda ofisi ya leba. Na hakikisha sivii inafanana nacho, kuna kijana mmoja alikuja kwetu ameandika alitoka Desemba, cheti alituletea mwenyewe kinasema Agosti, miezi minne tu alikuwa anaziba, na alikuwa ndiye mzuri kuliko wote siku hiyo. Iliniuma sana kwa sababu hiyo miezi minne hakuna mtu angemuuliza vibaya.

(Huo mradi, kama walikupunguza kabla kandarasi iishe, angalia kama ulipewa notisi ya mwezi na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka umekamilisha, yako ni mwaka mmoja. Dai kama hilo halifai kupita miaka mitatu.)

Leo andika hizo mistari mitatu uzisome kwa sauti mpaka zitoke bila kutetemeka, alafu upigie msimamizi wako wa sako umwambie kuna watu wanaweza kumpigia wakiuliza juu yako.