Maswali ya Wasomaji: Joto la Iowa na Dhoruba Inayolifuata

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Nimekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na joto ninalijua tangu utotoni. Tangu tuhamie Cedar Rapids, jimboni Iowa, kila Julai simu yangu hupokea ilani ya joto kali na ilani ya dhoruba ya radi siku hiyo hiyo moja. Je, ilani ya joto inamhusu mtu aliyezaliwa kwetu? Na mambo haya mawili yanahusianaje?
Msomaji, Cedar Rapids

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mazoea, maana ndiyo yanayowaponza wengi wetu. Uwezo wa mwili kustahimili joto hujengeka kwa wiki moja hadi mbili za kuishi ndani yake na hupotea wiki chache baada ya mtu kuingia katika baridi, kwa hiyo ukitoka katika majira ya baridi ya Iowa, joto kali la kwanza la Juni linakukuta huna kinga yoyote uliyotoka nayo Uvira. Ndiyo sababu wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hushauri kwamba mfanyakazi mpya asikae kwenye joto zaidi ya asilimia 20 ya muda wa kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku inayofuata. Msimamizi asipolijua hilo, mkumbushe kwa adabu.

Joto la huko, zaidi ya hayo, ni la unyevu. Hewa nyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na mashamba ya mahindi huiongezea, kwani ekari moja ya mahindi yaliyostawi inaweza kutoa hewani lita 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku. Jasho lisipokauka haliupozi mwili, na hivyo nyuzi 35 za Selsiasi zikiambatana na unyevu wa asilimia 60 huhisiwa kama nyuzi 45, tena hiyo ni hesabu ya kivulini. Usiku nao hauleti nafuu kubwa. Julai 1995 joto la namna hiyo liliua watu wapatao 739 mjini Chicago, wengi wao wazee walioishi peke yao bila mtu wa kuwabishia hodi.

Sasa uhusiano unaouliza. Joto na unyevu huo huo ndio nguvu ya dhoruba. Mara nyingi tabaka la hewa kavu yenye joto, litokalo nyanda za juu za kusini-magharibi, hutanda juu ya hewa nyevu na kuizuia kupanda, kama mfuniko juu ya sufuria, na nguvu hujilimbikiza chini yake mchana kutwa. Hewa baridi ikifika, au pale ukingoni ambako tabaka hilo ni dhaifu, mawingu ya radi huinuka kwa muda mfupi sana. Anga safi wakati wa adhuhuri, basi, haithibitishi chochote kuhusu jioni.

Mji wako unakumbuka tarehe 10 Agosti 2020. Derecho, yaani msururu mrefu wa dhoruba za radi unaosukuma upepo mkali kwa mamia ya kilomita, ilivuka Iowa, na hapo Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa. Nyumba nyingi zilikosa umeme kwa siku kadhaa, nyingine kwa zaidi ya wiki, na baadhi ya familia za wahamiaji zililala katika mahema nje ya majengo yaliyoharibika. Kwa maoni yangu, hatari isiyozungumzwa vya kutosha iko hapo: upepo umekwisha kupita, watu wanashukuru Mungu, kumbe viyoyozi vimezimika na joto linarudi. Feni ya betri haisaidii sana hewa ikizidi nyuzi 35, kwa kuwa inakupulizia hewa yenye joto kuliko ngozi yako. Ni heri kwenda kwenye jengo la umma lenye umeme. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu na huua watu usingizini. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu kwa joto, pigeni 911 mara moja na mmwagie maji baridi mkisubiri, msimnyweshe kitu.

SWALI: Kwetu Bukavu tulifundishwa kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu radi inapopiga. Wanangu wananicheka. Nani ana haki?
Mama, Des Moines

JIBU: Mama, shikamoo. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo hofu ya wazee wetu ilikuwa na msingi. Hata hivyo, kioo na rangi nyekundu havivuti radi. Kinachofaa kuepukwa ndani ya nyumba ni kuoga, kuosha vyombo na kushika simu iliyochomekwa ukutani, kwani radi husafiri katika mabomba na nyaya. Walio nje waingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa mara wasikiapo ngurumo ya kwanza, hata kama mvua haijaanza, na wanao wasirudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.