Uliza Maji Yanatoka Wapi: Namna ya Kutembelea Mahali pa Ajabu

Sehemu za ajabu duniani zina tatizo moja: zimepigwa picha mno. Kabla hujafika Coober Pedy kule Australia au Ganvié kule Benin umeshaziona mara nyingi kwenye simu, na ukifika inabaki kuhakikisha tu kwamba picha hazikudanganya. Wageni wengi huishia hapo. Wanashuka kwenye basi, wanapiga picha ile ile, wanapanda basi.

Ushauri wangu kwa anayependa safari za namna hii ni mmoja, nami nimeutumia kila nilikokwenda. Ajabu usiihangaikie, itakufuata yenyewe. Wewe tafuta ya kawaida. Uliza maji yanatoka wapi. Uliza watoto wanakwendaje shule, mgonjwa wa usiku anapelekwa wapi, mizigo ya dukani inaletwa na nani. Haya kila mkazi anayajua, kwa hiyo kila mkazi anaweza kukujibu, na mara nyingi jibu moja hufungua mazungumzo ya saa nzima.

Chukua Coober Pedy, mji wa wachimbaji katika jangwa la Australia Kusini. Vito vya opali viligunduliwa huko mwaka 1915, na kwa kuwa joto la kiangazi hupita nyuzi 40, wachimbaji walihamishia maisha yao chini ya ardhi walikokuwa tayari wanafanya kazi. Picha zitakuonyesha kanisa lililochongwa ndani ya mwamba na hoteli isiyo na madirisha. Mimi kilichonishika ni jinsi nyumba inavyotengenezwa. Mashine ya kuchimbia hupitishwa ubavuni mwa kilima na kuacha mikwaruzo ya duara ukutani, kisha kuta hupakwa dawa ya kuzuia vumbi. Bomba la hewa hutoboa dari hadi juu. Ukitembea juu ya kilima unaona mabomba yamechomoza ardhini, na unajua kwamba chini ya kila bomba kuna watu, pengine wanakula, pengine wamelala. Humo ndani hali ya hewa hubaki nyuzi 20 na kitu mwaka mzima bila kiyoyozi. Mwenye kutaka chumba cha ziada huchimba mbele zaidi, na wapo waliokutana na opali wakiwa wanaongeza chumba.

Na maji? Huvutwa kutoka chini ya ardhi nje ya mji, yana chumvi, na ni lazima yaondolewe chumvi kabla ya kuingia mabombani. Ndiyo maana bustani ni chache na uwanja wa gofu hauna majani: mchezaji hutembea na kipande kidogo cha nyasi bandia cha kuwekea mpira. Tangu nilipoelezwa hayo, kila nilipofungua bomba nilikuwa na haraka ya kulifunga.

Neno moja la usalama hapa. Pembezoni mwa mji kumejaa mashimo ya machimbo ambayo hayakufukiwa, na vibao vinaonya usikimbie wala usitembee kinyumenyume. Vitii, hasa ukiwa na kamera mkononi, kwa sababu mpiga picha ndiye anayerudi nyuma bila kutazama.

Swali la shule lilinifaa zaidi Whittier, Alaska. Wakazi wake hawafiki 300, na wengi wao wanaishi katika jengo moja la ghorofa 14 lililojengwa na jeshi miaka ya 1950. Posta imo humo, duka limo, zahanati imo. Watoto huenda shule kwa njia ya chini ya ardhi, kwa hiyo theluji na upepo wa huko, ambao si wa mchezo, hauwazuii kusoma. Njia pekee ya gari ni handaki la takriban kilomita 4 linalopenya mlima, lenye njia moja tu na reli katikati yake. Magari yanapita upande huu, yanasubiri, yanapita upande ule, halafu zamu ya treni. Usiku linafungwa. Mtu aliyekwenda kununua vitu mji wa pili huikokotoa siku yake yote kwa saa za handaki, na mgeni naye ajifunze hivyo hivyo: soma ratiba kabla ya kuwasha gari. Bora zaidi, lala katika jengo lile la ghorofa. Vyumba vya wageni vipo ndani ya jengo, na asubuhi utapanda lifti moja na mwalimu, mvuvi na mtoto mwenye begi mgongoni. Mambo niliyoyasikia kwenye lifti ile hayamo kwenye kitabu chochote cha watalii.

Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, ukiuliza habari za wagonjwa utashangaa. Hospitali ipo lakini ni ndogo, na mjamzito hutakiwa kusafiri kwenda bara wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Jambo hilo moja lilinieleza mji ule kuliko dubu wote wa kwenye mabango. (Dubu wapo kweli. Usitoke nje ya makazi bila mwongozaji mwenye silaha.) Kwenye hoteli na majengo kadhaa utavua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu siku za vumbi la makaa ya mawe. Kama utakwenda miezi ya jua lisilotua, beba kitambaa cha kufunika macho, la sivyo hutajua umelala lini.

Sasa Ganvié, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapokosea adabu kuliko kwingine kote nilikopita. Ni mji wa nyumba za nguzo ndani ya Ziwa Nokoué nchini Benin. Watofinu walihamia majini wakikimbia wawinda watumwa wa ufalme wa Dahomey. Simulizi husema imani ya wapiganaji wale iliwakataza kushambulia watu juu ya maji. Yaani mji ulizaliwa kwa sababu watu walikataa kushikwa na kuchukuliwa. Halafu leo boti inaingia na watu kumi wamenyoosha simu kuelekea mama anayeosha vyombo barazani kwake. Wanawake wengi hugeuza uso au kujifunika kwa kofia pana. Wana haki. Mtu akisimama dirishani kwako na kamera, nawe ungefunga pazia.

Weka simu mfukoni kwa saa ya kwanza. Tazama kazi. Utaona matawi yamechomekwa ziwani kwa maelfu, kama ua wa shamba lililofurika. Hiyo ni akadja: matawi huoza taratibu, samaki huja kujificha na kula humo, na mwenye eneo huja kuvua baadaye. Utaona soko la mitumbwi, wauzaji wengi wakiwa wanawake. Utaona pia mitumbwi iliyojaa ndoo ikisubiri zamu penye kisima, kwa sababu maji ya ziwa yana chumvichumvi na hayafai kunywewa. Mji mzima umesimama majini, na bado maji ya kunywa yanapangiwa foleni.

Mambo ya pesa yamalize kabla ya kupanda boti huko Abomey-Calavi, mji ulio ukingoni mwa ziwa: bei, muda, na mahali mtakaposimama. Sema wazi kwamba unataka soko, siyo duka la vinyago pekee. Ukitaka picha ya mtu, nunua kwanza kitu kwake, ongea, ndipo uombe. Akikataa, mshukuru na uendelee na safari.

Wakati nao una uzito wake. Soko la Maeklong nchini Thailand limetandazwa juu ya reli, na treni inapokaribia wauzaji hukunja maturubai, huvuta meza zao za magurudumu, treni inapita karibu kugusa nyanya, kisha kila kitu kinarudi. Watalii humiminika dakika zile na kutoweka. Mimi nasema fika asubuhi mapema, ukae katikati ya treni moja na nyingine, pale wenyeji wanaponunua samaki na kubishana bei. Kukunja turubai ni kazi ya dakika chache. Kuuza ndiyo kazi yao.

Kuna mahali ambapo hakuna cha kuonekana kabisa bila kuuliza. Baarle ni mfano. Ubelgiji ina vipande 22 vya ardhi vilivyozungukwa na Uholanzi hapo, na mpaka unakata mitaa, maduka, hata vyumba vya watu. Alama nyeupe za msalaba zinauonyesha chini. Nyumba iliyokatwa na mpaka huhesabiwa ni ya nchi ile ambako mlango wake wa mbele upo. Ongea na mwenye nyumba ya namna hiyo kuhusu kodi, utapata elimu.

Mwisho ni usafiri wa kila siku. Wuppertal, Ujerumani, kuna treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, na abiria wake wanasoma tu magazeti. La Paz, Bolivia, tangu 2014 watu hupanda vibanda vinavyotembea kwenye waya kwenda El Alto, mji ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza huko pumzika, tembea polepole, kunywa maji. Kichwa kikizidi kuuma au pumzi ikikata hata ukiwa umekaa, shuka sehemu ya chini na umwone daktari. Ukishazoea hewa, panda jioni watu wanaporudi kutoka kazini, siyo mchana na watalii. Ukiingia kibandani salimia, maana wenyeji husalimiana, kisha uliza safari hii walikuwa wakiifanyaje kabla waya hazijafungwa.