Shangazi, wanataka nisimulie habari za mtoto wa mwenzangu ili watu watoe pesa

Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, na kila mwisho wa mwezi huwa nasimulia hadithi mtaani, wazee kwa watoto tunakaa pamoja jioni, mwaka wa sita huu. Sasa shule ya wanangu inachangisha pesa za vitabu na sare za watoto wasiojiweza na kamati imeniomba nisimulie siku hiyo, nikafurahi sana. Kumbe hawataki za sungura na fisi, wanataka ya mtoto aliyefiwa na baba, anasoma na binti yangu, tena akae mbele aonekane, eti ndo watu watalia na kutoa. Mamake kakubali ila mi naona alishindwa tu kukataa. Binti yangu naye kasema mama ukisimulia hiyo mi siji. Nikigoma nitaonekana nawanyima watoto msaada. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kataa. Umeona sawasawa, anayesaidiwa hana ubavu wa kuwaambia hapana wanaomsaidia, kwa hiyo mfuate huyo mama peke yako, bila mtu wa kamati, umuulize upya. Na mtoto mwenyewe nani kamuuliza? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unalinda faragha yake hata kama ana shida. Nyie mtalia jioni moja, yeye Jumatatu yuko darasani na wenzake wote wanajua, na simu zitakuwa zimerekodi, video ikishasambaa hairudi tena.

Ila kwa kamati usiende mikono mitupu. Wape hadithi ya kutunga, hata ya kobe aliyefika mtoni akakuta wenzake wote wana pa kukanyaga isipokuwa yeye, uisimulie vizuri mpaka pale watu wanapotega masikio halafu usimame. Hapo mwalimu aseme watoto ni wangapi, vitabu na sare za mtoto mmoja ni kiasi gani, tumeshapata ngapi, bado ngapi, kwa sababu mtu akijua hela yake inanunua nini anatoa bila kulizwa. Wakishatoa ndo umvushe kobe. Nakupendea hiyo kuliko zote maana ukisema paukwa ukumbi mzima unaitika pakawa, mwenye nacho na asiye nacho, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Tena waacheni watoto nao wasimulie, kila mmoja atafute watu wazima wa kuahidi kiasi fulani kwa kila hadithi atakayosimulia, hapo hata yule mtoto anakuwa mchangishaji kama wenzake. Kama hamjapanga tarehe, Machi 20 ni Siku ya Hadithi Duniani, ilianzia Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990, mnaweza kuishika hiyo. Pesa wewe usiguse, wahesabu wawili pamoja, waandike, risiti za vitabu wazazi wazione.

Na huyo binti yako, mwanangu, mshukuru kwanza. Halafu mwombe mkae mtunge wote hiyo ya kobe, miaka sita anakusikiliza, anajua ni wapi watoto wenzake huwa wanaacha kusinzia.