Pande sawa haimaanishi pembe sawa

Dada, umeuliza kwa nini mwanao kawekewa kosa alipoandika kwamba umbo lenye pande zote sawa lazima liwe na pembe zote sawa. Mwalimu yuko sahihi. Ni pembetatu peke yake inayokubali hivyo: pande zikilingana, kila pembe inakuwa nyuzi 60, utake usitake.

Kuanzia pande nne mambo yanageuka. Jirani yangu hapa Ngamiani ni fundi seremala. Juzi alikuwa na fremu ya dirisha, mbao nne za futi tatu tatu, kila kona msumari mmoja. Nikaisukuma kidogo kwa mguu, ikalala upande. Mbao zilezile, urefu uleule, ila kona mbili zimebanwa na mbili zimepanuka. (Alinifokea, kisha akapigilia ubao wa kukatiza kona kwa kona. Zikawa pembetatu mbili, haikucheza tena.)

Kinyume chake ni mstatili: pembe zote 90, pande hazilingani. Huo kila mtu anaujua. Mtamu zaidi ni huu: mwanao achore kwenye karatasi pembetatu ya pande sawa, sentimita 10 kila upande, kisha kwenye kona akate vipembetatu vya pande sawa vya sentimita 2, 3 na 4. Inabaki pembesita yenye pembe zote nyuzi 120, lakini ukiizunguka pande ni 2, 5, 3, 3, 4, 4. Apime mwenyewe kwa rula.

Vyote viwili vikilingana, pande na pembe, ndipo unapata mraba, au pembesita kama nati ya baiskeli.