PDF inafunguka, nataka ipakuliwe

SWALI: Nafundisha hisabati na nimeweka mazoezi ya PDF kwenye tovuti yangu. Mwanafunzi akibonyeza kiungo, zoezi linafunguka ndani ya kivinjari; intaneti ikikatika, hana kitu mkononi. Nimeongeza neno download kwenye kiungo, bado hali ni ile ile. Mafaili yenyewe nimeyahifadhi kwenye kikoa kingine, yaani anwani tofauti na ya tovuti yangu. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, mwalimu. Kiungo umekiandika vizuri. Kinachokukwamisha ni hicho kikoa kingine. Neno download husikilizwa pale tu ukurasa na faili vinapokaa kikoa kimoja. Vikitofautiana, kivinjari hulipuuza na kufungua PDF kama kawaida. Ni ulinzi huo, na naukubali kabisa: ukurasa wa mtu usije ukakupakulia faili la mwingine kwa jina la kubuni.

Kwa hiyo amri itoke kwa seva inayotuma faili. Kabla ya faili lenyewe, seva hutanguliza mistari ya maelezo: aina ya faili, ukubwa wake. Hapo ndipo uongeze huu:

Content-Disposition: attachment

Kivinjari kikiusoma, kinahifadhi badala ya kuonyesha. Kama seva yako inatumia programu ya Apache, weka faili la mipangilio liitwalo .htaccess ndani ya folda ya mazoezi, uandike:

<FilesMatch "\.pdf$">
Header set Content-Disposition attachment
</FilesMatch>

Moduli ya Apache iitwayo mod_headers iwe imewashwa, la sivyo utaletewa kosa la 500, yaani hitilafu ya seva. Nginx, programu nyingine ya seva, haisomi .htaccess, huko tumia amri ya add_header kwenye usanidi wa seva.

Wapo watakaokushauri ubadilishe aina ya faili iwe application/octet-stream, yaani data isiyotajwa aina. Usikubali. Hilo ni kuficha kwamba faili ni PDF, wakati hukuwa na haja ya kuficha chochote.

Nakuomba pia usiwalazimishe wote kupakua. Mimi niliwahi kulazimisha, kisha nikashika simu ya msomaji wangu mmoja: zoezi.pdf, zoezi(1).pdf, zoezi(2).pdf, zoezi(3).pdf. Kila alipotaka kulitazama tena, alilipakua upya, na simu ilikuwa imejaa. Tangu siku hiyo naweka folda mbili zenye nakala zile zile, moja ina mstari wa Content-Disposition na nyingine haina, na viungo viwili: “Soma” na “Pakua”.

Ukijaribu, futa kwanza kashe ya kivinjari, yaani nakala kilizojihifadhia. Majibu ya zamani ya seva yakibaki humo, utadhani mstari wako haufanyi kazi.